Nguvu Pachache, Mbio Kote: Richmond ya 2017

Richmond walipoichapa Adelaide pointi 108 kwa 60 katika fainali ya ligi ya kandanda ya kanuni za Australia mwaka 2017, wengi walisema mbio zimeishinda nguvu. Maelezo hayo yana mvuto, kwani Adelaide walikuwa wamemaliza msimu kileleni na hakuna timu iliyofunga zaidi yao, ilhali Richmond mwaka mmoja nyuma walikuwa wa 13. Lakini ni nusu ya ukweli. Kocha Damien Hardwick hakuchagua mbio akaitupa nguvu. Alichagua mahali pachache pa kuiweka nguvu, kwingine kote akajaza watu wenye pumzi.

Tazama safu ya mbele. Katika mchezo huu, anayedaka mpira uliopigwa kwa mguu na kusafiri angalau mita 15 hupewa nafasi ya kupiga bila kubughudhiwa, ndiyo maana timu nyingi hupanga warefu wawili au watatu karibu na goli. Hardwick alimwacha Jack Riewoldt peke yake, akamzungushia vijana wafupi wenye kasi: Daniel Rioli, Dan Butler na Jason Castagna. Utasema basi mabeki warefu watajidakia kila mpira wa juu. Wangejidakia, kama Riewoldt angekuwa anawania kudaka tu. Alipoona hapati, kazi yake ilikuwa kuhakikisha beki naye hapati. Mpira ukianguka, wale vijana wameshafika. Beki anainama kuuokota, mikono imeshamzunguka kiunoni, anaupiga ovyo, na Richmond wanaanza upya wakiwa hatua chache kutoka golini. Mshambuliaji mzito hawezi kurudia kazi hiyo kwa robo nne, hasa baada ya ligi kupunguza mabadiliko ya wachezaji mwaka 2016 kutoka 120 hadi 90 kwa mechi. Nafasi za kwenda benchi kuvuta pumzi zilipungua, na hapo uzito ukawa na gharama.

Hata katika kurukia mipira inayorushwa na mwamuzi, msaidizi wa mrukaji mkuu, Toby Nankervis, alikuwa Shaun Grigg, kiungo wa kawaida. Walikubali kupoteza baadhi ya mipira hiyo ili wapate mkimbiaji mmoja zaidi chini.

Pingamizi zito ni Dustin Martin. Mchezaji bora wa fainali ile anajulikana kwa mkono wake unaowasukuma wakabaji kama mlango, na hiyo ni nguvu tupu. Ni kweli, na ndiyo hoja yangu: nguvu ilikuwa kwake katikati, na nyuma kwa Alex Rance na David Astbury, mahali ambapo kushindwa katika kugombea mpira mmoja tu hugharimu goli. Mwaka 2019 walimwongeza mbele Tom Lynch, mwenye sentimita 199, wakashinda fainali kwa tofauti ya pointi 89. Wapo wanaoona hapo Hardwick aliiacha njia yake. Mimi sioni hivyo, kwa sababu Rioli na Castagna walikuwa bado uwanjani siku hiyo, wakiiwinda mipira ambayo Lynch na Riewoldt hawakuidaka.