Mwili kwa Hesabu ya Dadu

Katika michezo ya mezani ya kuigiza wahusika, kila mchezaji huanza kwa kujaza karatasi ya mhusika wake: nguvu, akili, ustahimilivu, pointi za uhai. Wengi huijaza haraka ili wafike kwenye mapango na majoka. Lakini karatasi hiyo inastahili kusomwa kama maandishi mengine yoyote, kwa sababu mtunzi wa kanuni ameshasema humo mwili upi ni wa kawaida na upi una kasoro.

Dungeons & Dragons, wa Gary Gygax na Dave Arneson, ulitoka mwaka 1974 kutokana na michezo ya vita. Arneson alisimulia baadaye kwamba pointi za uhai alizitoa kwenye kanuni za mapigano ya manowari. Asili hiyo bado inaonekana: mhusika hupigwa tena na tena, lakini hupigana kwa nguvu zilezile hadi pointi ya mwisho inapokwisha. Mwaka 1979 Gygax alifafanua kuwa pointi hizo si nyama na damu tu; ndani yake mna ustadi, bahati na ulinzi wa miungu. Basi haishangazi kwamba katika toleo la 2014 mpiganaji hafulingi, mwenye kimo cha mtoto, hupewa dadu ya pande 10 sawa na mpiganaji binadamu. Ukubwa huamua dadu kwa viumbe wa msimamizi tu: wadogo pande 6, majitu makubwa kupita yote pande 20.

Uhuru huo una historia yenye doa. Kitabu cha wachezaji cha 1978 kiliweka kikomo cha nguvu za mwanamke chini ya kile cha mwanamume. Kikomo hicho kiliondolewa katika toleo la pili, mwaka 1989. Kama hoja ni uhalisia, mbona uhalisia ulikaa kimya mchawi aliporusha moto kwa mikono mitupu, ukaamka alipoingia mwanamke mwenye misuli?

GURPS, wa Steve Jackson, una njia nyingine: kila sifa ina bei. Katika toleo la nne la 2004, mhusika aliyezidi uzito kidogo huhesabiwa -1, mnene -3, mnene sana -5, na mwembamba mno -5 pia. Bei ikiwa hasi, mchezaji hurudishiwa pointi za kununulia kitu kingine, kana kwamba analipwa fidia. Mwenye mwili wa wastani ana sifuri, na haelezwi lolote.

Jina la mchezo huo linadai kuwa kanuni zake zinafaa kila mahali. Lakini sehemu ya gharama ya unene humo ni ugumu wa kujibadilisha sura au kumfuatilia mtu katika umati, na hilo linategemea umati wenyewe. Kwetu mtu hukaribishwa sahani ya pili kwa kuambiwa mwili haujengwi kwa matofali. “Umenenepa” inaweza kuwa pongezi, utani au tusi, kutegemea nani anasema na mbele ya nani. Namba -3 haijui tofauti hiyo.

Kanuni ninayoiona ya haki zaidi ni ya Call of Cthulhu, wa Sandy Petersen, 1981. Katika toleo hilo la 1981, ustahimilivu na ukubwa hurushiwa dadu kila kimoja peke yake, kisha pointi za uhai huwa nusu ya jumla yake. Mwenye ustahimilivu 16 na ukubwa 8 anapata 12. Mwenye ustahimilivu 8 na ukubwa 16 anapata 12 vilevile. Ina upungufu: mrefu mwembamba na mfupi mnene wanaweza kuangukia namba moja, na mtu mdogo huanza na uhai mchache. Lakini inakataa jambo ambalo watu hulifanya kila siku, kusoma afya kwa macho. Mnene huambiwa apunguze kabla hajasema anaumwa nini. Aliyekonda huulizwa kama ni mzima. Kwenye karatasi ya Petersen, ukubwa hauwezi kukujulisha ustahimilivu. Lazima urushe dadu ya pili.

Sidai michezo iache kuutaja mwili. Hadithi isiyo na miili mikubwa wala midogo ni hadithi ya watu wachache sana. Hata GURPS ingerekebishika kwa kalamu moja: mnene humo huongezewa 3 anapoogelea, na hilo libaki, ugumu wa kujificha ubaki pale hadithi inapouhitaji. Kinachopaswa kufutwa ni ile -3 yenyewe, inayoamua kabla ya tukio lolote kwamba mwili huu una deni.