Kitabu cha Wameru, na Jinsi Kinavyotupasa Kukisoma

Wahenga walisema: Aijuaye adhabu ya kaburi ni maiti. Kwa methali hii mtu aweza kudhani ya kuwa habari za watu waliohamishwa kwa nguvu katika nchi ya baba zao haziwezi kuandikwa vema ila na wenyewe waliohamishwa. Neno hilo lina kweli ndani yake, lakini si kweli yote. Na yafaa sisi walimu tulipime kabla ya kuwapa vijana vitabu vya namna hii.

Mwaka 1967 vilitolewa mjini Nairobi vitabu viwili juu ya jambo moja. Cha kwanza ni The Meru Land Case, cha Kirilo Japhet na Earle Seaton. Cha pili ni The Freemen of Meru, cha Anton Nelson. Kirilo alikuwa Mmeru, tena ndiye aliyetumwa na watu wake kupeleka madai yao ng'ambo. Seaton alikuwa mwanasheria, mzaliwa wa Bermuda, aliyekuwa akifanya kazi yake Moshi. Nelson alikuwa Mmarekani aliyekaa kati ya Wameru na kuwasaidia katika chama chao cha kahawa.

Kwa wasioijua habari yenyewe, ni hii kwa ufupi. Tangu siku za Wadachi, ardhi nyingi chini ya mlima Meru ilitwaliwa ikagawiwa walowezi, hata wenyeji wakabaki wamezungukwa na mashamba ya wageni. Baada ya vita vya pili vya dunia, Jaji Wilson aliagizwa kuchungusha mambo ya ardhi ya Arusha na Moshi, na taarifa yake ikatolewa mwaka 1947. Shauri lililotoka humo ni kwamba Wameru wa Engare Nanyuki waondoke, ili ardhi ya walowezi iwe kipande kimoja, wapate kufuga ng'ombe. Nao wenyeji wapewe nchi ya King'ori. Wameru walikataa. Mwezi wa Novemba, 1951, askari walikuja, nyumba zikachomwa, mifugo ikaswagwa, na watu wapatao 3,000 wakaondolewa. Wengi hawakukubali kwenda King'ori, wakajibanza kwa jamaa zao mlimani.

Mwaka 1952 Kirilo na Seaton walisimama mbele ya Baraza la Udhamini la Umoja wa Mataifa huko New York, maana Tanganyika ilikuwa nchi ya udhamini, na Uingereza ilipaswa kutoa hesabu ya utawala wake. Shauri likafika Mkutano Mkuu, nalo azimio la kutaka Wameru warudishiwe ardhi yao likakosa theluthi mbili za kura. Hivyo walishindwa kwa hesabu ya kura. Lakini Kirilo aliporudi alizunguka nchini akiwaeleza watu mambo hayo, na wengi wakafahamu ya kuwa jambo la Meru ni jambo la Tanganyika nzima.

Sasa tuseme juu ya vitabu. Sifa kubwa ya kitabu cha Kirilo na Seaton ni kwamba mdai mwenyewe ndiye anayenena. Kwa miaka mingi habari za mwafrika na ardhi yake zilikuwa zikiandikwa na mkuu wa wilaya, na humo mwenyeji alikuwa hesabu tu: vichwa kadha wa kadha, ng'ombe kadha wa kadha. Hapa mwenyeji ana jina na ana hoja, tena anaitumia sheria ile ile aliyopigiwa nayo. Kitabu cha Nelson kina upendo wa rafiki, na rafiki huona mengi. Lakini rafiki hawezi kuwa shahidi wa kilio kisicho chake.

Hata hivyo sifa hiyo hiyo ndiyo mpaka wa kitabu. Hati ya madai ina desturi zake: watu huonekana wote wa moyo mmoja, na haki yao haina doa. Miaka hiyo hiyo Wameru walikuwa na ugomvi mkali wao kwa wao juu ya mangi wao, na mambo kama hayo mbele ya hakimu hupunguza nguvu za mdai. Tena mdai husema kwa niaba ya wote, na anayesema kwa niaba ya wote huwafunika wengi: mama aliyebeba mtoto na chungu siku ile, mzee aliyeacha kaburi la babaye. Nacho kiliandikwa kwa Kiingereza, maana wasikilizaji waliokusudiwa walikuwa mbali. Hatuwalaumu waandishi, walifanya kazi waliyotumwa. Lakini msomaji asidhani ya kuwa akiisha kusoma madai amekwisha kusoma msiba wote.

Habari za Wacherokee wa Marekani zatuonyesha jambo lilo hilo. Wao nao walikuwa na maandishi ya lugha yao, na tangu mwaka 1828 walikuwa na gazeti lao. Walipeleka madai yao, na mwaka 1832 mahakama kuu ya Marekani ilitoa hukumu ya kuwatetea. Hata hivyo mwaka 1838 askari waliwatoa, wakatembezwa mbali kuelekea magharibi, na yakadiriwa ya kuwa watu 4,000 walikufa. Wacherokee walishinda kwa sheria wakapoteza nchi. Wameru walishindwa kwa kura, na leo wazao wao wanalima Engare Nanyuki. Basi ubora wa kitabu cha madai haupimwi kwa ushindi wake.

Hupimwa kwa nini, basi? Kwa kuwa kinampa msomaji kipimo cha kutumia mahali pengine. Na hapa ndipo pagumu. Ni rahisi kusoma juu ya Engare Nanyuki darasani, kwa sababu mkosaji alikuwa mgeni, naye amekwisha kwenda zake. Lakini mwezi wa Novemba, 1973, serikali yetu wenyewe iliamuru watu wote wa mashamba wakae vijijini kabla ya mwisho wa mwaka 1976. Mamilioni walihamishwa, na katika baadhi ya mahali nyumba zilibomolewa au kuchomwa ili watu wasirudi. Nia ilikuwa nyingine: shule, maji, dawa. Hatusemi ya kuwa mambo haya mawili ni sawa. Twasema tu ya kuwa Wilson naye aliandika juu ya mpango mwema wa ardhi, na ya kuwa Waluguru walipoyakataa matuta ya ngazi mwaka 1955, waliambiwa pia ni kwa faida yao. Swali la Kirilo lilikuwa dogo: Je, mwenyewe aliulizwa, na alipokataa alisikilizwa? Anayesoma kitabu chake, kisha akaliuliza swali hilo kwa mgeni peke yake, hajakisoma.

Kwa hiyo walimu wenzangu wa Ngerengere na pande zote za Morogoro, kitabu hiki kifundishwe, tena kielezwe kwa Kiswahili. Lakini kikiisha kufundishwa, vijana watumwe kwa bibi na babu zao wakaulize: Mlihama lini, kutoka wapi, na nani aliwaambia? Waandike kwa maneno ya wazee wenyewe, yaliyo matamu na yaliyo machungu. Wameru walipata mtu wa kuwaandikia. Wazee wetu wengi bado hawajampata, nao wanapungua mwaka kwa mwaka.