Hesabu ya Maneno na Kupungua kwa Akili Uzeeni

Riwaya ya mwisho ya Iris Murdoch, Jackson's Dilemma, ilichapishwa Uingereza mwaka 1995, na wahakiki kadhaa hawakuichangamkia. Muda si mrefu mwandishi akaanza kuonyesha dalili za kupungukiwa na akili. Alifariki mwaka 1999, na uchunguzi wa ubongo wake ukathibitisha kuwa alikuwa na ugonjwa wa Alzheimer. Mwaka 2005 Peter Garrard na wenzake waliilinganisha riwaya hiyo na mbili za awali, Under the Net (1954) na The Sea, the Sea (1978). Walikuta kwamba msamiati ulikuwa umefifia na kuelemea maneno ya kawaida, ilhali miundo ya sentensi haikubadilika sana.

Matokeo hayo yana thamani kubwa, kwani yanabainisha badiliko mahsusi: kilichotangulia kupungua ni msamiati, si sarufi. Hata hivyo, atakayetaka kuihamishia mbinu hiyo katika Kiswahili kama ilivyo, hatuna budi kumpinga. Kipimo kimojawapo hulinganisha idadi ya maneno yasiyorudiwa na jumla ya maneno yote. Kwa kipimo hicho, alisema, watasema, hakusema na husemwa yatahesabiwa kuwa maneno manne, ingawa mzizi ni mmoja. Mzee aliyebakiwa na vitenzi vichache ataonekana tajiri wa msamiati kwa kuwa viambishi vyake vingali timamu. Ataambiwa kuwa ni mzima, na jamaa zake watachelewa kujua namna ya kumsaidia.

Basi na tuhesabu mizizi. Lakini hilo pekee halitoshi. Upatanisho wa ngeli nao wastahili kuchunguzwa. Mzee aliyekwama kulitaja shoka aweza kusema "kile cha kukatia kuni" au "lile la kukatia kuni". Kauli ya kwanza yapatana na kitu, chochote kile; ya pili yapatana na shoka lenyewe, ingawa halikutamkwa. Yamkini msemaji huyu wa pili hajalipoteza neno, bali amekosa njia ya kulifikia tu. Mizani iliyoundwa kwa Kiingereza, lugha isiyo na ngeli kama zetu, haiwezi kuipima tofauti hiyo. Kuitafiti ni wajibu wa wanaisimu wa Kiswahili, wakishirikiana na madaktari, kabla ya mizani hiyo kutumiwa kuwapimia wazee wetu.