Chipu Tupu na Fundi Asiye na Pupa

Buyenzi, hapa Bujumbura, inajulikana kwa Kiswahili chake na kwa mafundi wake wa magari. Anayeupenda ufundi wa namna ile ataupenda na huu mdogo, usio na moshi wala kelele: kuitilia chipu tupu butiloda.

Chipu yenyewe ni ATmega328P, ile ile ya bodi ya Arduino Uno, yenye miguu 28 na kumbukumbu ya kilobaiti 32. Ikitoka kiwandani haina butiloda ya Arduino. Butiloda ni bawabu: huamka kwanza, huangalia kama kuna programu mpya mlangoni, kisha huiachia kazi programu iliyomo. Optiboot, inayotumika kwenye Uno, huenea ndani ya baiti 512 tu.

Fundi hutumia Uno moja kuandikia chipu zote. Huibana chipu kwenye kibao cha majaribio, kisha huhesabu miguu kuanzia kushoto mwa kikato cha nusu duara. Nyaya za mawasiliano huenda mguu wa 1, 17, 18 na 19. Chanya wa 7 na 20. Hasi wa 8 na 22. Kristali ya megahezi 16 hukaa kwenye mguu wa 9 na 10, pamoja na kapasita mbili za pikofaradi 22. Kapasita ya maikrofaradi 10 huizuia Uno isijiwashe upya kazi ikianza.

Kabla ya kuandika chochote, husoma saini ya chipu: 1E 95 0F. Hapo ndipo fundi anapojulikana. Ikija 1E 95 14, hiyo ni 328 isiyo na P. Ikija sifuri tupu, hulaumu chipu mwisho. Kwanza hupitia waya mmoja mmoja.

Kisha fyuzi, yaani mipangilio ya ndani ya chipu. Chipu mpya huendeshwa na mapigo yake ya ndani, megahezi 1. Ikishaelekezwa kwenye kristali, nayo kristali haipo, hunyamaza kama imekufa. Mwenye pupa huitupa. Fundi huipa mapigo kutoka nje, nayo hujibu.

Ujuzi huu unaokoa fedha: bodi hubaki mezani, na kila kifaa hupata chipu yake yenyewe. Kijana mwenye bodi moja na aanze na chipu moja, asome saini kwanza, aandike baadaye.