Neno na Tuni katika Onyesho la Wanafunzi wa Muziki

Onyesho la wanafunzi wa muziki mwishoni mwa mwaka huhukumiwa kwa mambo mawili: kwamba sauti zilipatana, na kwamba watoto hawakusahau. Kipimo hicho ni chepesi mno. Chaacha nje jambo ambalo kwa mtaalamu wa lugha ndilo la kwanza, yaani kama msikilizaji aliyapata maneno. Sikonge, kusini mwa Tabora, ni mahali pafaapo kulichunguza jambo hili, kwa kuwa katika nchi hiyo mapokeo mawili ya kufundisha uimbaji yamekaa jirani kwa zaidi ya karne moja.

Pokeo la kwanza ni la wamisionari. Wamoravian waliingia Unyamwezi mwaka 1898, walipoipokea misheni ya Urambo kutoka kwa Shirika la Misheni la London; miaka michache baadaye walikuwa wamefika Sikonge. Kanisa lao lilijulikana tangu karne ya 18 kwa matarumbeta na kwaya za sauti nne. Uimbaji wa makanisa, pamoja na solfa iliyoenea nao, una sifa isiyofaa kupunguzwa: kundi zima la watu wasiojua nota za mistari laweza kujifunza wimbo mpya na kuuimba kwa mapatano.

Kasoro yatokana na lugha. Tuni nyingi za Kijerumani na za Kiingereza huanza kwa silabi nyepesi, kisha nzito. Kiswahili hukaza silabi ya pili kutoka mwisho. Basi neno kama Mungu, baba au mama, likiwekwa mwanzoni mwa tuni ya namna hiyo, uzito huangukia silabi isiyostahili. Mara nyingi sikio husamehe. Lakini lipo neno lisilosamehe, nalo ni barabara. Mkazo ukiwa juu ya silabi ya tatu, maana ni njia. Ukiwa juu ya silabi ya pili, maana ni sawasawa. Mtoto aimbaye habari za njia ya msafara kutoka Bagamoyo hadi Tabora na Ujiji, tuni ikimlazimisha kukaza silabi ya pili, amekwisha kuacha kuimba habari za njia. Naye, kwa kuwa ameitii tuni, hupewa alama nzuri.

Hali ni ngumu zaidi wimbo ukiwa wa Kinyamwezi. Lugha hiyo ni ya toni: kupanda na kushuka kwa sauti ni sehemu ya neno lenyewe, wala si pambo. Tuni ya kigeni irudiwayo beti kwa beti bila kubadilika haina budi kupanda mahali ambapo neno lashuka. Padre Stephen Mbunga, katika kitabu chake cha mwaka 1963 juu ya sheria ya Kanisa na muziki wa Kibantu, alikwisha kuonyesha kwamba muziki huo wastahili uchunguzi wa kitaalamu. Mazoezi ya shule, hata hivyo, hayakufuata upesi.

Pokeo la pili ni la manju, fundi wa ngoma, atungaye na kuanzisha wimbo ili wafuasi waitikie. Kwa Wasukuma, ndugu na jirani za Wanyamwezi, manju wawili hushindana baada ya mavuno, na watazamaji huamua kwa kwenda upande uwavutao. Manju ambaye maneno yake hayasikiki hubaki na kundi lake tu. Hukumu hiyo ni kali kuliko makofi ya wazazi, ambao humpigia makofi mtoto wao hata asipoeleweka.

Haifuati kwamba shule iache solfa na kurudi ngomani. Ngoma ikiondolewa uwanjani na kupangwa mistari jukwaani, bila manju kuwa huru kubadili maneno yake, hupoteza kile kile kilichotafutwa. Chuo cha Sanaa cha Bagamoyo, kilichoanzishwa mwaka 1981 na kuwa Taasisi ya Sanaa na Utamaduni mwaka 2007, hufundisha ngoma, muziki na maigizo chini ya paa moja. Hapo neno na sauti zaweza kupimwa pamoja.

Mwalimu wa Sikonge hahitaji chuo kwa kazi hiyo. Na ayasome maneno kwa sauti kabla ya kuchagua tuni, aweke alama ya mkazo juu ya kila neno, na mwisho wa onyesho amwulize msikilizaji mmoja wimbo ulisema nini. Jibu lake ndilo mtihani wa mwalimu.