Sifa za Mtunga Kanuni

Miongoni mwa sanaa zisizopata wa kuzisifu naihesabu sanaa ya mtunga kanuni za michezo, na katika kanuni zote sioni zinazompima ustadi wake kama zile za kuita viumbe. Tangu mwaka 1974, Gary Gygax na Dave Arneson walipoutoa huko Marekani mchezo wa Dungeons & Dragons, ambao kila mchezaji hujitwalia humo nafsi ya kubuni na kuiachia dadu iamue majaliwa yake, wachawi wa mchezo huo wamepewa idhini ya kuwaita viumbe waje kuwapigania.

Kuitoa idhini hiyo ni jambo jepesi. Taabu i katika kuiwekea mipaka. Tazama kanuni ya kuita wanyama ya mwaka 2014: mchawi akipenda huletewa mnyama mmoja mkali, akipenda wanane walio dhaifu, naye, kwa kuwa ana akili zake timamu, huchagua wanane, na tuseme waliokuja ni mbwa-mwitu. Ila mbwa-mwitu ashambuliaye bega kwa bega na mwenziwe hurushiwa dadu mbili ili ishikwe iliyo kubwa, basi duru moja yaweza kutaka mirusho kumi na sita kabla ya kuhesabiwa jeraha hata moja, na gharama ya uchawi huo hulipwa na wenziwe wanaongoja zamu. Watungaji wakalitambua hilo: mwaka 2020 wakatoa kanuni nyingine za kuita kiumbe kimoja tu, ambacho nguvu zake hukua kwa kadiri ya uwezo autoao mwitaji; na mwaka 2024 kundi lile la wanyama likageuzwa kivuli kimoja kipitacho uwanjani.

Walakini niipendayo kupita zote ni kanuni ya mwaka huo huo wa 2014 ihusuyo pepo wa moto, iliyodumu hadi mwaka 2024. Mwitaji ilimpasa aikusanye fikira yake juu ya pepo huyo, na akijeruhiwa fikira ikatawanyika, pepo hakuondoka, bali aligeuka adui yake yeye na sahibu zake, wala mwitaji hakuwa na amri ya kumfukuza mpaka itimie saa moja tangu alipomwita. Kwa sharti hilo moja kila mwenye upanga alikuwa mlinzi wa fikira ya mwenziwe. Mbwa-mwitu waliwapokonya wenzi zamu zao. Pepo aliwapa kazi, na insafu ya mtunga kanuni, kwa rai yangu, ndiyo hiyo: asimpe mmoja nguvu ila kwa namna iwashughulishayo wote.