Mwenyekiti Asiyehimiza

Siku niliyoalikwa kukaa pembeni kwenye kikoba, kikundi cha kuweka akiba cha mtaani kwetu, nilijua nitasikia zile kelele za vikao: semeni jamani, mbona mmekaa kimya? Mama mwenyekiti hakutamka hata moja. Alijifunga kanga kiunoni, akaketi, akamwita namba 1.

Wanachama 22 walikuwa wameketi kwa kufuata namba zao. Mmoja mmoja anasimama, anasema ananunua hisa ngapi, kuanzia moja hadi tano, mihuri inagongwa kwenye kitabu chake watu wakiona. "Namba 7, hisa mbili." Basi. Maneno machache, lakini kuna watu ambao hawajawahi kusimama mbele ya wenzao wakasikilizwa, na hapa husimama kila wiki. Sauti huzoea.

Mtindo huu wa kuweka akiba ulianzia Maradi, nchini Niger, mwaka 1991, kwa wanawake waliosaidiwa na shirika la CARE. Sanduku la fedha lina kufuli tatu, na funguo hukaa kwa watu watatu wasio viongozi. Wengi husema ni kinga ya wizi, na ndivyo ilivyo. Mimi naona na jingine: mshika ufunguo asipofika, kikao kizima kinakodolea njia macho. Mama huyu alipendekeza ufunguo mmoja upewe binti mwenye haya kuliko wote. Tangu hapo, naambiwa, hajakosa.

Lakini ufundi wenyewe uko kwenye kumbukumbu. Kikao kikifungwa, salio la mfuko wa jamii, ule wa kusaidiana wakati wa shida, hutangazwa na kila mtu hulishika kichwani. Wiki inayofuata anaulizwa yeyote, na aliyesahau hulipa faini. Nilimtazama mwenyekiti akichagua wa kumuuliza. Wasemaji aliwapita. Alimwendea mama mmoja mgeni, akamuuliza swali ambalo jibu lake lilikuwa limetajwa muda si mrefu. Mama akajibu, akakaa wima zaidi. Mwingine alipokosea, mwenyekiti hakumsahihisha, aligeukia jirani yake: "Msaidie mwenzio." Wakaanza kuhesabu wawili, mara wakawa watano.

Halafu akauliza, "Nani ana neno?" Kimya. Mimi ningekwisha kufunga kikao, maana kimya cha watu wengi kinachoma. Yeye akanyoosha pindo la kanga, akasubiri. Kuku akapita katikati. Akaendelea kusubiri.

Binti wa ufunguo akainua mkono nusu.

"Mama mwenyekiti, samahani. Wiki iliyopita ulichelewa. Faini yako sijaiona imeandikwa."

Wengine wakainamisha vichwa. Mwenyekiti akamtazama katibu. Katibu akafunua daftari, akapekua, akatikisa kichwa. Mama akafungua fundo kwenye pindo, akatoa sarafu ya 500, akaiweka mezani mbele ya wahesabu fedha.

"Andika," akasema. "Nani mwingine?"

Mikono ikainuka mitatu.